Umbo la protini kwa kubofya: AlphaFold, ColabFold na Boltz kwenye mizani

Mwanasayansi Max Perutz aliihangaikia himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuchapisha ramani yake mwaka 1960, tena ramani ya angstromu 5.5 tu (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ambayo atomu moja moja hazionekani. Leo unabandika mfuatano wa protini hiyohiyo, yaani herufi za asidi amino zake kwa mpangilio, kwenye tovuti, na baada ya dakika chache umbo lina­rudi limepakwa rangi. Kwa hiyo kuuliza kama kifaa kinatoa picha ni kupoteza muda. Vyote vinatoa, hata ukivilisha herufi za ovyo. Cha kuuliza ni kama kinakuonyesha sehemu ipi ya picha ni ya kuaminiwa, na kama wewe unajua kuisoma taarifa hiyo.

Tunapima hapa vifaa vya kutabiri umbo la protini kutokana na mfuatano wake: hifadhi ya AlphaFold iliyoko EMBL-EBI, taasisi ya Ulaya ya data za kibiolojia, ColabFold, AlphaFold Server, AlphaFold 3 ya kusimika mwenyewe, na modeli huria ambazo Boltz ndiyo inayotajwa zaidi. ESMFold imepewa aya moja, na inatosha. Protini ya majaribio ni himoglobini ya binadamu, kwa sababu imebeba karibu kila mtego: minyororo minne, kibamba cha himu chenye chuma, hali mbili za umbo, na badiliko la herufi moja linaloleta ugonjwa wa selimundu.

Mwenye haraka achukue haya. Protini moja ya kiumbe kinachojulikana: anzia kwenye hifadhi. Minyororo kadhaa, au mfuatano uliouunda mwenyewe: ColabFold. Kuna DNA, RNA, ioni au himu: AlphaFold Server. Kazi ni ya kibiashara na ndani yake kuna molekuli ya dawa: Boltz.

Vinafanyaje kazi

Zamani tegemeo lilikuwa programu kama SWISS-MODEL, ambayo hutafuta ndugu wa protini yako aliyekwishapimwa maabara, kisha huuvisha mfuatano wako umbo la ndugu huyo. Bado ina kazi yake, hasa unapotaka umbo la hali fulani mahususi, mathalani kimeng'enya kikiwa kimefunga, na kuna kiolezo cha hali hiyo. Ila ndugu akiwa wa mbali, chini ya asilimia 30 ya kufanana, mambo huharibika haraka.

AlphaFold 2 ilikuja na njia nyingine. Inakusanya mamia au maelfu ya mifuatano ya ndugu kutoka viumbe mbalimbali na kuipanga safu kwa safu. Asidi amino mbili zinazogusana ndani ya umbo huwa hazibadiliki ovyo: moja ikibadilika, mwenzake naye hubadilika ili kuifidia. Mtandao wa neva huzisoma jozi hizo na kujenga umbo kutoka hapo. Kwenye CASP14 mwaka 2020, shindano ambalo washiriki hutabiri maumbo yaliyokwishapimwa lakini hayajatangazwa, alama yake ya kati ya GDT, kipimo cha ukaribu na umbo la kweli, ilikuwa 92.4 kwa 100. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipata nusu ya Nobeli ya kemia kwa kazi hiyo, na nusu nyingine ikaenda kwa David Baker kwa kuunda protini mpya.

Udhaifu wake unatoka palepale penye nguvu. Ndugu wakipungua chini ya 30 hivi, usahihi huporomoka. Wakipita 100, nyongeza huwa ndogo. Mtu anayelalamika kuwa protini yake imetoka kama tambi, aangalie kwanza idadi ya ndugu kabla ya kukilaumu kifaa.

Rangi na namba: sehemu ambayo watu huiruka

Alama ya kwanza ya uhakika ni pLDDT, kuanzia 0 hadi 100, na hutolewa kwa kila asidi amino. Juu ya 90 ni buluu iliyokolea: hata minyororo ya pembeni kwa kawaida imekaa vizuri. Kati ya 70 na 90 ni buluu hafifu: uti wa mgongo wa protini ni wa kuaminiwa, pembeni uangalifu unahitajika. Kati ya 50 na 70 ni njano. Chini ya 50 ni rangi ya chungwa, na kwa kawaida kipande hicho hutoka kama utepe mrefu unaoizunguka protini bila kugusa chochote. Utepe huo usiuchore kwenye makala kana kwamba ni umbo. Mara nyingi maana yake ni kwamba kipande hicho, kikiwa peke yake, hakina umbo maalumu.

Ya pili ni PAE, makadirio ya kosa la mkao, na hii ndiyo inayowaangusha wengi. Ni mraba unaojibu swali hili: nikilinganisha umbo kwa kushika asidi amino ya hapa, ile ya kule inaweza kuwa imekosewa kwa angstromu ngapi? Chukua protini yenye vichwa viwili vilivyounganishwa kwa kamba laini. Kila kichwa kitatoka buluu iliyokolea, na picha nzima itapendeza. Fungua PAE uone miraba miwili yenye rangi nzito kwenye ulalo, na nje yake weupe mtupu. Weupe huo unasema kwamba jinsi vichwa hivyo vilivyokaa kimoja kwa kingine ni bahati nasibu. Mtu aliyepima umbali kati yake na kuandika "angstromu 34" amepima hewa.

Kwa minyororo zaidi ya mmoja kuna ipTM, alama ya 0 hadi 1 ya uhakika wa jinsi minyororo inavyoshikana. Juu ya 0.8 ni nzuri, chini ya 0.6 huenda muungano huo haupo au umekosewa, na katikati ni ukungu. Ila namba hii hushushwa na mikia isiyo na umbo. Protini mbili zinaweza kushikana sawasawa zikapata 0.55 kwa sababu mmoja ana mkia wa asidi amino 200 unaoning'inia. Kata mkia, endesha tena, uone kama namba inapanda.

Mtego mdogo wa mafaili: pLDDT huandikwa kwenye safu ambayo kwa maumbo ya maabara hubeba kipimo cha B, yaani kiasi atomu inavyotikisika. Kule namba kubwa ni mbaya, huku namba kubwa ni nzuri. Ukitumia rangi za kawaida za programu ya kutazamia, sehemu imara zaidi zitaonekana ndizo legelege. Tena programu nyingine huandika 0 hadi 1 badala ya 0 hadi 100, kwa hiyo kichujio cha "weka zilizo juu ya 70" kitafuta kila kitu bila kukuonya.

Hifadhi ya AlphaFold: kubwa, ya bure, na imeganda

Ilifunguliwa Julai 2021, na mwaka uliofuata ikavuka maumbo milioni 200. Unatafuta kwa jina au kwa namba ya UniProt, hifadhi ya mifuatano ya protini, unapakua faili la umbo la PDB au mmCIF pamoja na faili la PAE. Leseni yake ni CC BY 4.0, maana yake hata kampuni inaweza kutumia mradi itaje chanzo. Kwa urahisi wa kutumia haina mpinzani. Ikumbukwe tu kwamba kwa protini za binadamu ni asilimia 58 ya asidi amino zilizopata uhakika wa kuridhisha, na asilimia 36 uhakika wa juu kabisa. Zilizobaki ni njano na chungwa.

Tatizo lake ni kwamba inachukua mfuatano kama ulivyo UniProt, mnyororo mmoja, mtupu. Tazama insulini, P01308. Insulini inayofanya kazi mwilini ni minyororo miwili, mmoja wa asidi amino 21 na mwingine wa 30, iliyofungwa pamoja kwa viunganishi vya salfa. Kilichoko hifadhini ni mnyororo mmoja wa asidi amino 110, pamoja na kipande cha ishara cha 24 kinachokatwa mapema na kipande cha kati ambacho nacho huondolewa. Asiyejua anaweza kukaa siku nzima akijiuliza mbona insulini yake ina mkono wa ziada.

Himoglobini vivyo hivyo. P68871 inakupa mnyororo wa beta pekee, bila alfa na bila himu. Mfuko wa himu utauona umekaa wazi vizuri, kana kwamba kuna kitu ndani, maana modeli ilifunzwa kwa maumbo ambayo himu ilikuwemo. Hilo ni zuri kwa anayejua. Kwa asiyejua, ni rahisi kudhani protini hiyo hukaa hivyo ikiwa tupu.

Na kuna sehemu ambako buluu yenyewe hudanganya. Protini ya 4E-BP2, ikiwa peke yake, haina umbo thabiti, lakini hifadhi inaonyesha hesi, yaani mnyororo uliojisokota kama skrubu, yenye uhakika wa juu, kwa sababu ndivyo inavyokaa ikishikamana na mwenzake. Kifaa kimetoa umbo la kweli la wakati mwingine.

Protini za virusi ziliachwa nje ya upakiaji mkubwa wa 2022, na za binadamu zinazozidi asidi amino 2,700 zilikatwa vipande vya 1,400 vinavyopandiana. Ukiwa na moja ya hizo, endesha mwenyewe.

ColabFold: farasi wa kazi

Hiki ndicho kifaa ambacho mtu akijifunza kimoja tu, ajifunze hiki. Kimechukua AlphaFold 2 na kuibadilishia hatua inayokula muda, utafutaji wa ndugu, kwa kutumia programu ya MMseqs2 kwenye seva ya pamoja. Watengenezaji wake walipima utafutaji huo wakaona una kasi mara 40 hadi 60. Unafungua daftari kwenye kivinjari, huhitaji kusimika chochote.

Unabandika mfuatano kwenye kisanduku cha kwanza. Minyororo hutenganishwa kwa nukta pacha, kwa hiyo himoglobini ni alfa:beta:alfa:beta, mfuatano mzima kila mara. Toa methionini ya mwanzo, kwani mwili huiondoa: alfa itabaki 141 na beta 146, jumla 574. Kazi ipe jina lisilo na nafasi wala alama za ajabu. Kabla ya kuanza, hakikisha mashine uliyopewa ina kadi ya michoro, maana daftari likifunguka kwenye mashine ya kawaida kazi itatambaa hadi ukate tamaa. Kisha endesha visanduku vyote.

Mipangilio mingi iache ilivyo. Inayofaa kuguswa ni idadi ya marudio, yaani mara ngapi modeli inajisomea jibu lake na kulirekebisha. Kwa mnyororo mmoja kawaida ni 3. Protini ngumu yenye ndugu wachache hupata nafuu ukiongeza hadi 12 au 20, na muda nao huongezeka kwa kadiri hiyohiyo. Hatua ya kulainisha kwa Amber, programu ya fizikia ya molekuli, huondoa atomu zinazogongana, haisogezi umbo karibu na ukweli, kwa hiyo ifanye kwa modeli ya kwanza tu, mwishoni.

Matokeo yakija, usikimbilie umbo. Anza na mchoro wa ufunikaji, ule unaoonyesha ndugu wangapi wamepatikana kila sehemu ya mfuatano. Mara nyingi utaona nusu ya kwanza imejaa mistari na nusu ya pili ni jangwa, na pLDDT itafuata sura hiyohiyo. Halafu linganisha modeli tano. Zikikubaliana, ni dalili njema. Kila moja ikija na sura yake, namba ya juu ya mshindi isikupumbaze.

Kinachoharibika zaidi ni kumbukumbu. Kadi ya bure yenye gigabaiti 16 hufika kwenye asidi amino 2,000 hivi kwa jumla ya minyororo yote, na ikizidi hapo kazi hufa katikati na ujumbe mrefu mwekundu. Kikao nacho hukatika ukiacha kivinjari peke yake, na mafaili ambayo hayajapakuliwa hupotea nacho, kwa hiyo ruhusu matokeo yahifadhiwe kwenye diski ya mtandaoni tangu mwanzo. Na seva ya ndugu ni ya watu wote. Mwenye mifuatano elfu kadhaa asiimwagie kutoka mashine kumi kwa mpigo, asimike utafutaji huo kwake.

Upungufu wake wa kimsingi: inajua protini tu. Hakuna himu, hakuna DNA, hakuna ioni. Kwa muungano wa protini ya mwenyeji na ya kimelea pia husuasua, kwa kuwa ndugu wa pande hizo mbili hawatoki kiumbe kimoja na hawawezi kuoanishwa. Upande wa leseni uko salama: programu iko chini ya leseni huria ya MIT, na vigezo vya AlphaFold 2, yaani namba ambazo modeli ilijifunza, viko chini ya CC BY 4.0 tangu Januari 2022. Watu hudhani toleo jipya ndilo huru zaidi. Kwa kampuni, la zamani ndilo huru.

AlphaFold Server: rahisi kupita zote, na yenye kamba shingoni

AlphaFold 3 ilitangazwa Mei 2024 na seva yake siku hiyohiyo. Unaingia kwa akaunti ya Google, unaongeza viungo kimoja kimoja: protini, DNA, RNA, ligandi (molekuli ndogo inayoshikana na protini), ioni, nakala ngapi. Ukomo wa ukubwa ni tokeni 5,000, tokeni ikiwa ni kipande cha kuhesabia. Asidi amino moja ya kawaida ni tokeni moja, herufi ya DNA au RNA ni moja, lakini ligandi huhesabiwa kwa kila atomu. Himu ina atomu 43 ukiacha hidrojeni, kwa hiyo himoglobini kamili ni 574 jumlisha 172, yaani tokeni 746. Inaingia bila shida.

Kwa himoglobini hii ndiyo mara ya kwanza unapata kitu kizima: minyororo minne na himu nne kwenye mifuko yake. Usipokee hivyohivyo. Kuza picha kwenye himu moja, tafuta histidini ya 87 upande wa alfa au ya 92 upande wa beta, uone kama nitrojeni yake inaitazama chuma. Huo ndio mshiko wenyewe, na jicho linautambua haraka kuliko namba yoyote.

Mafaili ya muhtasari yana alama ya kupanga modeli. Hesabu yake ni 0.8 ya ipTM, jumlisha 0.2 ya pTM, alama ya umbo zima, jumlisha 0.5 ya sehemu isiyo na umbo, kisha hutolewa 100 pale minyororo inapogongana. Ukikuta namba hasi kubwa, usidhani seva imeharibika. Ni mgongano. Alama hiyo ni ya kupanga modeli za kazi moja, haifai kulinganisha kazi mbili tofauti. Kwa kulinganisha, tumia ipTM ya jozi ya minyororo.

Injini yake mpya ya difyusheni, inayoanza na atomu zilizotawanyika ovyo na kuzisafisha hatua kwa hatua, imekuja na tabia ambayo AlphaFold 2 haikuwa nayo kwa kiasi hicho: mahali pasipo na umbo, huweza kubuni. Badala ya utepe unaoning'inia, unaletewa hesi nadhifu. Waliposhughulikia hilo kwenye mafunzo lilipungua, halikuisha. pLDDT ya chini bado inakuonya, lakini jicho halionywi, na jicho ndilo watu wanaloamini. Kosa lingine ni la mkono wa molekuli, yaani kulia kugeuzwa kushoto. Kwenye PoseBusters, seti ya majaribio ya ligandi ndani ya protini, lilitokea kwa asilimia 4.4. Ligandi yenye vituo kadhaa vya aina hiyo ikaguliwe kimoja kimoja.

Kingamwili na antijeni ni pagumu. Waandishi wenyewe, ili kupata matokeo yao bora hapo, walitumia mbegu 1,000, kila mbegu ikiwa ni mwanzo mpya wa bahati nasibu. Kazi moja ya seva ni mbegu moja yenye modeli tano. Ukiona kingamwili yako imetua mahali pabaya mara moja, hujathibitisha kitu, na ikitua pazuri mara moja, hali ni ileile. RNA nayo haijafika: kwenye mifano ya CASP15, duru iliyofuata CASP14, AlphaFold 3 ilibaki nyuma ya kundi bora lililosaidiwa na wataalamu wa kibinadamu.

Kamba shingoni ni masharti. Ligandi ni za orodha fupi: ATP na jamaa zake, FAD, himu, klorofili, asidi chache za mafuta. Molekuli yako ya dawa haimo. Matumizi ya kibiashara yamekatazwa, na kuyatumia matokeo kufunzia modeli nyingine kumekatazwa pia. Soma masharti kabla ya kubandika mfuatano ambao mwajiri wako anauona siri.

Kuisimika AlphaFold 3 mwenyewe

Programu ilitolewa Novemba 2024. Vigezo vilivyofunzwa huombwa kwa fomu, na hupewa wasio wa kibiashara. Upakuaji wa mifuatano ni gigabaiti 252 hivi, na ikifunguliwa inafika 630, kwa hiyo andaa diski ya SSD ya terabaiti nzima. Kumbukumbu ya mashine isiwe chini ya gigabaiti 64. Kadi moja ya michoro ya A100 yenye gigabaiti 80 inamudu tokeni 5,120.

Kosa la gharama ambalo mabwana wa mitambo hulifanya ni kuendesha kila kitu kwa mkupuo mmoja. Utafutaji wa ndugu unatumia prosesa ya kawaida na diski, na wakati wote huo kadi ya michoro inakaa bure huku bili inasonga. Gawanya: kwanza endesha kwa kuzima utabiri (--run_inference=false) kwenye mashine ya bei nafuu, kisha peleka faili la JSON lililojaa kwenye mashine yenye kadi na uzime utafutaji (--run_data_pipeline=false). Protini ileile ikijaribiwa na ligandi 50, utafutaji hufanywa mara moja. Diski ikiwa ya kuzunguka, hata hivyo, hakuna ujanja utakaokuokoa.

Faida kubwa ya kusimika ni uhuru wa ligandi yoyote na mbegu zozote. Kama huna mahitaji hayo, seva inakutosha.

Boltz na wenzake, na ESMFold

Leseni ya AlphaFold 3 iliacha pengo, na pengo likajazwa haraka. Chai-1 ilitoka Septemba 2024, Boltz-1 kutoka chuo kikuu cha MIT ikafuata Novemba, na Protenix ya ByteDance ipo kundini. Boltz iko chini ya leseni ya MIT, programu na vigezo, na hilo peke yake linaipa nafasi ya kwanza kwa kampuni. Unaandika faili la YAML: minyororo, na ligandi kwa SMILES, yaani molekuli iliyoandikwa kwa mstari wa herufi. Ukiongeza --use_msa_server inaenda kutafuta ndugu kwenye seva ya ColabFold. Ukisahau, na hujaweka faili la ndugu, inakataa kuendelea. Kumbuka pia kwamba kwa chaguo hilo mfuatano wako unatoka nje ya jengo.

Boltz-2 ya Juni 2025 iliongeza utabiri wa nguvu ya kushikana kwa dawa. Wenyewe wanasema inakaribia hesabu nzito za fizikia kwa kasi mara 1,000. Hapa ndipo watu husoma kinyume. Inatoa namba mbili. Moja ni uwezekano kwamba molekuli inashika kabisa, 0 hadi 1, na hiyo ndiyo ya kuchujia orodha ndefu. Nyingine ni logi ya IC50 kwa mikromola (IC50 ni kiasi cha dawa kinachozuia nusu ya kazi ya protini), ya kulinganishia molekuli ambazo tayari zinashika: −3 ni nanomola 1, kali sana, 0 ni mikromola 1, na 2 ni dhaifu. Ndogo ndiyo bora. Aliyepanga orodha kutoka kubwa kwenda ndogo amezipa kipaumbele mbovu zake.

ESMFold haitafuti ndugu, inategemea modeli ya lugha iliyosoma mifuatano mingi. Ni ya kasi sana, ndiyo iliyotoa maumbo zaidi ya milioni 600 ya vijidudu vya mazingira. Kwa kuchambua lundo la mifuatano iliyobuniwa na kompyuta ni nzuri. Kwa protini moja unayoijali, ColabFold inaishinda.

Mahali zote zinapoteleza

Himoglobini hubadili umbo inapopokea oksijeni na inapoiachia. Vifaa hivi vinatoa modeli tano zinazofanana, na havisemi ni hali ipi. Ukitaka kujua, lazima uilinganishe mwenyewe na umbo la maabara, mathalani faili la 2HHB la hifadhi ya maumbo ya maabara (PDB), ambalo ni la himoglobini isiyo na oksijeni. Protini zinazobadilisha mkunjo kabisa, kama ile iitwayo KaiB, ni tatizo lilelile kwa ukubwa zaidi.

Fizikia nayo ni ya kukariri kuliko tunavyopenda. Watafiti walipobadilisha asidi amino za mfuko wa ATP kuwa glisini, kisha fenilalanini zilizouziba, modeli za kundi la AlphaFold 3 mara nyingi ziliendelea kuiweka ATP palepale. Kwa hiyo, kabla ya kuuamini mfuko wa dawa yako, uharibu makusudi uone kama kifaa kinajali. Jaribio hilo ni la nusu saa.

Sasa selimundu. Maandishi ya tiba huita badiliko hilo glutamiki ya 6 kuwa valini, wakihesabu bila methionini ya mwanzo. Mfuatano wa UniProt unaanza MVHLTPEEK, kwa hiyo ukibadilisha herufi ya 6 umegusa prolini, si glutamiki. Ya kubadilisha ni ya 7. Ukishairekebisha na kuendesha, umbo litakalorudi litalala juu ya lile la kawaida karibu bila tofauti, na pLDDT haitakupa ishara ya ugonjwa. Wala haijakosea. Himoglobini ya selimundu hukunjika sawasawa. Madhara hutokea nje yake, oksijeni inapoondoka, valini ile inapoingia kwenye bonde dogo kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88 ya himoglobini jirani, na jirani akamshika jirani mpaka uzi mrefu ukajengeka ndani ya seli. Mshiko huo umo kwenye faili la 2HBS, na lilipatikana kwa fuwele na eksirei.